Jinsi ya kupita kwenye jumba la mizimu lenye hadithi bila kukosa kisa

Majumba ya mizimu ya burudani yako ya namna mbili. Kuna la vitisho vitupu: unapita kona baada ya kona, mtu mwenye barakoa anakurukia, unapiga ukelele, unatoka. Na kuna la hadithi, ambalo mkiingia mnapewa sababu ya kuwa humo ndani, wahusika wana majina, na kila chumba kinaendeleza kilichoanzwa na chumba kilichotangulia. Mwongozo huu ni wa hilo la pili. Wageni wengi huliingia kana kwamba ni la kwanza: wanapiga soga wakati maelezo yanatolewa, wanatimua mbio vyumba vya katikati, kisha wanafika nje wakiulizana yule mama wa gauni jeupe alikuwa nani. Hofu ya jumba la hadithi inatoka kwenye maelezo. Asiyesikiliza ataona pazia linatikisika tu. Aliyesikiliza anajua ni nani yuko nyuma ya pazia na kwa nini anamsubiri.

Ndiyo maana karibu kila ushauri ulio hapa, hata ule wa viatu, unalenga kukuachia macho na masikio yawe huru kufuata kisa.

Kabla ya kukata tiketi

Soma masharti ya jumba lenyewe na utafute majibu ya maswali manne. Waigizaji wanagusa wageni au hawagusi? Kundi moja lina watu wangapi? Safari nzima inachukua dakika ngapi? Kuna mahali pa kutambaa, kupanda ngazi au kupita pembamba? Usipoyaona, uliza. Jibu la swali la kwanza ndilo linalobadilisha mambo kuliko yote. Mahali pengi waigizaji hawamgusi mgeni kabisa. Pengine kuguswa ni kwa hiari, na aliyekubali huvaa alama, kama kidani kinachong'aa gizani au bangili, ili mwigizaji amtambue. Kama hutaki kuguswa, usikubali kuvaa alama hiyo kwa sababu tu wenzako wamevaa. Unaweza kufuata hadithi yote bila hiyo.

Ukubwa wa kundi unafuata kwa umuhimu. Watu wanne hadi sita ndio wanaotosha: wote mnasikia, wote mnaonekana, na mwigizaji anapata nafasi ya kumtazama kila mmoja. Wakifika kumi, watatu wa nyuma wanaingia chumbani wakati mhusika anamaliza kusema. Kama jumba linaunganisha makundi madogo, chagua usiku wa katikati ya wiki na saa za mwanzo. Foleni ikiwa fupi, makundi huachwa mbalimbali, na umbali huo ndio unaolinda mshangao wa kila chumba.

Afya usiifanyie mzaha. Taa za kumwekamweka zinaweza kuamsha degedege kwa mtu mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga, na hatari ni kubwa zaidi mwanga ukipiga kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde. Mwenye hali hiyo aulize kama kuna njia isiyo na taa hizo, au kama zinaweza kuzimwa kundi lake likipita. Kama hakuna, asiingie. Akikutana nazo ghafla, afunike jicho moja kabisa kwa kiganja na ageuke. Kufumba macho hakutoshi, maana mwanga hupenya kope.

Mwenye pumu ajue kwamba moshi wa mashine hutengenezwa kwa maji yaliyochanganywa na glaikoli au gliserini, na vyumbani huwa mzito. Dawa ya kuvuta ikae mfuko wa suruali, isiachwe kwenye begi getini. Wajawazito, wenye maradhi ya moyo na waliofanyiwa upasuaji karibuni huwa wanakatazwa kuingia, na sababu ni ya kweli: sakafu zina miinuko msiyoiona, na mtu aliyeshtuka huruka nyuma bila kuangalia. Aliyelewa huzuiwa mlangoni mara nyingi, na hata asipozuiwa atawaharibia wengine.

Kuhusu watoto, umri ulioandikwa kwenye tangazo uchukulie kwa uzito. Mtoto anaweza kuwa hodari wa kushtushwa na bado akaelemewa na hadithi yenyewe, kwa mfano ya mzazi aliyemtelekeza mwanawe. Kelele ataisahau njiani, hadithi ataondoka nayo. Majumba kadhaa huwa na saa za mchana zenye taa na waigizaji wasio na barakoa. Anza na hizo.

Mavazi na mifuko

Vaa viatu vya kufunika vidole, soli bapa, kamba zimefungwa vizuri. Visigino virefu na kandambili ndivyo vinavyosababisha kuteguka, kwa sababu sakafu hubadilishwa makusudi: zulia, kisha mbao zinazoyumba, kisha kitu laini. Nguo isining'inie. Mtandio, mkanda mrefu na hereni kubwa hunasa kwenye misumari na matawi ya mapambo. Nywele ndefu zifunge. Miwani itie kamba ya nyuma ya kichwa. Begi liache. Simu, funguo na kadi ziwe mfuko wenye zipu, maana kilichoanguka gizani hukipati mpaka jumba lifungwe.

Foleni: zima simu, anza kusoma kuta

Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa, na kutazama kioo cha simu mara moja tu kunairudisha kazi hiyo nyuma. Mgeni aliyekuwa anachati mpaka mlangoni huingia akiwa kipofu na hukosa vyumba viwili vya kwanza, ambavyo huwa na mwanga hafifu na maelezo mengi. Zima simu dakika kumi kabla angalau.

Muda huo hautapotea bure, kwa sababu hadithi nzuri huanzia kwenye foleni. Angalia picha za ukutani: sura ileile ikitokea kwenye picha mbili zenye miaka tofauti, hilo limewekwa makusudi. Soma barua zilizobandikwa, jina lililokatwa kwa wino, tarehe ya gazeti. Tega sikio kwenye redio inayosikika kwa mbali. Mara nyingi tangazo lake hujirudia kila dakika chache na ndani yake mna jina la mtu au la mahali. Mkiwa na wageni msiowafahamu, zungumzeni sasa. Kubalianeni kwamba hamtapiga kelele za utani ndani, mpange nani atangulie na nani ashike mkia.

Nafasi kwenye mstari hubadilisha unachokipata. Wa mbele huona chumba kabla hakijaguswa, na ndiye anayeulizwa maswali. Wa katikati hulengwa na vishindo vingi, kwa sababu mwigizaji akimngoja wa kwanza apite kisha akatokea, kundi lote linamwona. Wa mwisho hufuatwa, hunong'onezwa, na husikia maneno ambayo wengine hawayasikii. Anayetaka kisa kwa ukamilifu awe wa pili: anaona karibu yote anayoyaona wa kwanza bila kubeba mzigo wa kufungua milango.

Chumba cha kwanza

Hapa ndipo safari nzima inapofaulu au kuharibika. Kundi hufungiwa chumbani, mhusika anatokea, anasema kwa dakika mbili au tatu, na hayo maneno hayarudiwi. Baada ya hapo kuna muziki, vishindo na mayowe, na hata mhusika akisema jambo muhimu utaambulia nusu yake.

Usibaki mlangoni. Ingia mpaka ndani, simameni nusu duara, wafupi mbele. Mtazame anayesema usoni. Shika mambo matatu: nyinyi ni nani katika kisa hiki (wapelelezi, wanafunzi wapya, ndugu wa marehemu), mmeombwa au mmekatazwa nini, na jina la mtu mnayemtafuta au mnayemkimbia. Jina lirudie kimoyomoyo mara kadhaa. Baadaye utalikuta limechongwa mezani, au mtu gizani atakuuliza kama unalijua, na hapo ndipo mwili unaposisimka kweli.

Kanuni za usalama nazo hutolewa papa hapa, mara nyingine kwa sauti ya mhusika mwenyewe, kwa hiyo wageni huzidhania ni maigizo. Neno la kujitoa, alama ya mikono, na mlango wa kutokea si sehemu ya kisa. Hakikisha kila mtu kwenye kundi amevisikia.

Mwendo

Tembea hatua za kawaida, kati yako na mwenzako umbali wa mkono mmoja. Mkigandana, wa nyuma hawaoni kitu na mmoja akirudi nyuma wote mnaanguka. Mkiachana, mhusika anaanza kusema wengine bado wako chumba kingine.

Waigizaji hufunzwa kushtua kwa namna inayowafanya wageni wasogee mbele, bila kuwagusa. Wanatokea ubavuni au nyuma ili mkimbilie upande sahihi wa njia. Ukilijua hilo hutapotea hata kama huoni kitu: kishindo kinakotoka ni nyuma, palipo kimya ndiyo njia. Hata hivyo usikimbie. Anayekimbia hujigonga ukutani, na zaidi ya hapo hulifikia kundi lililotangulia. Akilifikia, atawakuta waigizaji wakirudi mafichoni, mlango wa siri ukiwa wazi, mzimu akiweka sawa vazi lake. Kila mwigizaji anahitaji sekunde kadhaa kujipanga upya, na mpangilio wa makundi umepigiwa hesabu ya sekunde hizo. Mkiona migongo ya watu mbele, simameni kwenye kizingiti cha chumba mlichomo, msisimame katikati ya ukumbi, wacheni wapotee kwanza.

Kuzubaa nako kuna gharama yake. Taa na sauti za vyumba vingi huendeshwa kwa saa: mhusika ana sentensi zake, kishindo kina sekunde yake. Mkiambiwa mchague mlango wa kushoto au wa kulia, chagueni papo hapo. Mkibishana, msimamizi wa maonyesho atasukuma tukio lifuatalo na mtalikosa neno ambalo uchaguzi wenu ulikuwa umelifungua.

Kusema na wahusika

Ukiulizwa, jibu. Jibu fupi, la kweli kulingana na jukumu mlilopewa. "Tumetumwa na daktari" linatosha, na mwigizaji mzuri ataliendeleza. Ukikaa kimya kabisa atahamia kwa mwingine. Ukimjibu kwa mzaha, au ukamuuliza analipwa kiasi gani, atakuruka na pamoja nawe watarukwa wenzako. Waigizaji husoma nyuso haraka sana. Anayemtazama mhusika machoni anamwambia yuko tayari, na ndiye atakayepewa ufunguo, barua, au kuchukuliwa peke yake kwenye chumba kidogo. Tukio hilo la mtu mmoja huwa na siri ambayo kundi halitaisikia, kwa hiyo ukitaka kuchukuliwa, inua uso; usipotaka, tazama chini, rudi hatua moja, tikisa kichwa. Hatakulazimisha.

Kitu ulichopewa mkononi usikiweke chini wala kukitia mfukoni ukakisahau. Kuna mtu mbele atakidai. Vitu vingine vyote usiviguse. Hata fuvu la plastiki lililo mezani linaweza kuwa limeunganishwa na waya.

Na usiwaguse waigizaji. Watu wengine wakishtuka hurusha ngumi bila kukusudia. Ukijijua uko hivyo, tembea umeshika viwiko vyako mwenyewe, mikono imepishana kifuani. Mkao huo unamlinda mwigizaji, na wewe unaulinda uso wako usigonge ukuta.

Mitego mnayoweza kukutana nayo

Mzimu unaopenyeka kama moshi, ambao kupitia mwili wake unaona kitu kilicho nyuma, kwa kawaida ni kioo. Kioo kikubwa husimamishwa kwa mshazari mbele yako, na mtu au sanamu iliyofichwa pembeni humulikwa taa. Taswira yake kwenye kioo huonekana imesimama ndani ya chumba. Mwanasayansi Mwingereza John Henry Pepper aliuonyesha ujanja huu London mwaka 1862, na jumba la mizimu la bustani ya burudani ya Disneyland huko California, lililofunguliwa mwaka 1969, bado linautumia kwenye ukumbi wake wa dansi. Ujanja huo hutegemea unaposimama. Mkielekezwa kusimama nyuma ya kamba au kwenye alama fulani, simameni hapo. Hatua mbili pembeni mzimu unakatika nusu. Na mwanga wa simu ukikipiga kioo, kila mtu anakiona.

Handaki linalozunguka huwaangusha hata wajasiri. Mnapita kwenye daraja lililo ndani ya pipa kubwa lenye madoa ya taa, pipa linazunguka, daraja limetulia tuli. Macho yanakuambia unapinduka, sikio la ndani linakuambia umesimama wima, na mwili ukiamini macho unaegemea ubavuni. Shika reli, tazama sakafu ya daraja. Kichefuchefu kikianza, fumba macho na uende kwa kufuata reli. Kizunguzungu hupungua mara moja.

Mifuko mikubwa ya kitambaa iliyojazwa hewa, inayokutana katikati ya ukumbi, hukubana pande zote kwa mita chache. Hewa ya kupumua ipo. Vua miwani, tanguliza mikono na bega moja, geuza uso pembeni, endelea kusukuma mbele bila kusimama. Anayeogopa kubanwa aulize mlangoni, kwa kuwa mara nyingi kuna njia ya kuzunguka. Picha inayodondoka ghafla ukutani huvutwa na mwigizaji. Inayofyatuka kwa mlio wa "pss" huendeshwa na hewa iliyoshindiliwa. Midoli ya namna hiyo haikuoni, kwa hiyo usiisogezee uso eti uikague.

Hofu ikizidi, au ikipungua

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walichapisha utafiti wa wageni 110 waliopita kwenye jumba la vitisho wamevaa vifaa vya kupima mapigo ya moyo. Raha ilikuwa juu zaidi pale hofu ilipokuwa ya kiasi. Ikiwa ndogo mno au kubwa mno, raha ilishuka. Hilo unaweza kulitumia ukiwa ndani. Ikizidi, shika bega la mwenzako, toa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, tazama kingo za mapambo ambako mbao na rangi zinaonekana. Ikipungua, kaa kimya, hamia mbele au mkiani, watazame wahusika machoni.

Kama umefika mwisho wa uwezo wako, sema neno la kujitoa kwa sauti kavu, bila kucheka, ukiwa umesimama. Wageni hulia "basi, basi!" wakicheka, na mwigizaji hawezi kujua yupi anamaanisha, ndiyo sababu kukawekwa neno maalumu. Baki ulipo mpaka mhudumu mwenye tochi afike. Usirudi ulikotoka, utakutana uso kwa uso na kundi linalokuja mbio.

Taa zote zikiwaka ghafla na sauti ikakatika, maigizo yamekwisha. Hiyo ni dharura. Fuata wahudumu au taa za milango ya kutokea. Usiwashe kiberiti wala kibiriti cha gesi humo kwa sababu yoyote. Tarehe 11 Mei 1984, katika bustani ya michezo huko New Jersey, Marekani, vijana wanane walikufa kwa moto ndani ya jumba la vitisho ambalo halikuwa na vinyunyizio vya maji wala vitambua moshi. Inaaminika moto ulianzia kwenye sponji la ukutani lililoguswa na kibiriti cha mgeni aliyetaka kuona njia. Ukifika mahali ambapo alama za milango ya dharura hazionekani au milango imezibwa na vitu, dai pesa yako na uondoke.

Mkishatoka

Kaeni chini kidogo, mnywe maji, msiendeshe gari mikono ikiwa bado inatetemeka. Kisha kiunganisheni kisa papo hapo kabla hakijafifia: wa mbele aseme alichokiona, wa mwisho alichonong'onezwa, aliyechukuliwa peke yake alichoambiwa. Majumba mazuri hugawanya ukweli hivyo makusudi, na mara nyingi ndipo mtakapogundua kwamba yule mliyekuwa mkimsaidia ndiye aliyekuwa akiwindwa na wengine kwa haki. Fanyeni hayo mbali na foleni, wanaosubiri wasisikie.

Ukirudi mara ya pili, badilisha nafasi kwenye mstari, na kila kishindo kikilia upande mmoja, tazama upande wa pili. Kelele huwekwa ili kuvuta macho, na kinachofanyika upande ule mwingine ndicho ulichokikosa mara ya kwanza.